Sukari ya Siku ya Mama

Mwezi wa sita uliopita nilirudi Likasi kukabidhi funguo. Nyumba ya bibi yangu, ambaye nilimwita Nkambo kama watoto wengi wa Katanga wanavyowaita bibi zao, ilikuwa imepata mwenyewe mpya, fundi umeme kijana, mwenye haraka lakini mwenye adabu. Aliniachia asubuhi nzima niagane nayo. Ukweli ni kwamba hakukuwa na mengi ya kuaga. Milango ya ndani ilikuwa imeng'olewa, banda la kuku limekuwa rundo la matofali, na chumba tulicholala mimi na Nkambo kilikuwa kidogo mno, nikashangaa tulikuwa tukigeuka vipi. Kilichobaki pale nilipokiacha ni kichaka cha mchaichai kando ya ukuta. Kilikuwa kimejaa vumbi jekundu, kikubwa kuliko zamani, kwa sababu hakuna tena wa kukikata.

Nilikata jani moja, nikalisugua vidoleni, nikaenda nalo mpaka langoni ninuse vizuri. Hapo simu ikalia. Alikuwa mwalimu mwenzangu wa Kinshasa, ninakoishi na kufundisha darasa la nne. Kule tunaongea Lingala. Akaniuliza, "Okozonga mokolo nini?", yaani utarudi siku gani. Nikamjibu neno moja: "Lobi." Kesho. Nikakata simu, nikashika lango nitoke, nikasimama.

Neno lile nililisikia mara ya kwanza maishani mwangu nikiwa nimesimama palepale, nina miaka tisa. Rafiki yangu, nimelitamka Kinshasa miaka mingi, kila siku ya Mungu, na sikuwahi kulikumbuka lango hili. Nitakuambia lilivyonifikia. Lakini kwanza uijue nyumba, maana usipojua tulivyokuwa tukiishi, hutaona kilichofanyika.

Tulikuwa wawili. Baba yangu ni habari fupi: alikwenda Kolwezi kutafuta kazi kabla sijaota meno, na huko akatafuta na mengine. Mama, ambaye ndiye binti pekee wa Nkambo, aliondoka nikiwa na miaka sita. Alifuata biashara ya vitenge, akapanda treni ya kwenda upande wa Kasai, akaniambia atarudi mvua zikikatika. Mvua zilikatika, zikaanza tena, zikakatika. Mara chache dereva wa lori alitupitishia salamu, lakini ndani ya salamu zile hakukuwa na siku. Simu za mkononi wakati ule zilikuwa za wakubwa. Basi tukangoja, mimi kwa maswali na Nkambo kwa kimya.

Nkambo alikuwa mbahili. Nasema kwa upendo, lakini nasema. Mbabula yetu, lile jiko la bati la makaa, iliwashwa mara moja tu kwa siku, alasiri, na moto huo mmoja ulipangiwa kazi kama shule inavyopangiwa vipindi. Kwanza maharage, au sombe, ndiyo kisamvu, kwa sababu vinataka moto mkali. Halafu bukari, ugali wetu wa mahindi uliochanganywa na muhogo. Makaa yakianza kuchoka yalipata maji ya kuoga. Yakichoka zaidi yalitiwa kwenye pasi. Mwisho kabisa birika la chai ya mchaichai liliegemezwa kwenye majivu, tuikute asubuhi ina uvuguvugu. Siku moja nilipepea makaa bila sababu, kwa raha tu ya kuyaona yakiwa mekundu. Nkambo aliniondolea kipepeo mkononi.

"Weye mutoto, makala haiotake mu lupango!"

Alikuwa sahihi, makaa hayaoti uani. Kilichonichekesha baadaye ni kwamba umeme ulikuwa jirani yetu kabisa. Koni na Mwadingusha, yale mabwawa ya Lufira, hayako mbali na Likasi, na nyaya nene zilipita juu ya mtaa wetu zikielekea viwandani. Manyunyu yakianza tulizisikia zikivuma. Nkambo alizitazama kama unavyomtazama jirani anayepika nyama bila kukukaribisha, kisha akarudi kupepea mbabula yake.

Hakuna kitu kilichotupwa. Vipande vya sabuni vilivyokonda vilikandamizwa pamoja vikawa donge moja lenye rangi tatu, nami nilipenda kulinusa. Gauni lililopauka liligeuzwa nje ndani, likaanza maisha upya. Samaki wa barafu, wale tunaowaita tomson, tulinunua vichwa tu, na Nkambo alikula kichwa mpaka ukimtazama ungefikiri mwili ndio unaotupwa. Mara moja kwa mwezi alipita mama wa Kapolowe na beseni lake la nyanya, na tukapata zile zilizopasuka safarini. Nilizipenda zilizopasuka. Nilikuwa mkubwa nilipojua kwamba kuna watu wanaozikataa.

Raha yangu kubwa ilikuwa ukoko. Bukari ukishapakuliwa, Nkambo alirudisha sufuria juu ya makaa yaliyochoka, akakaa kando yake mikono magotini, akisikiliza. Ukoko ulianza kuachana na sufuria kwa mlio mdogo, kr, kr, kr. Ukiuwahi unavunjika, ukiuchelewa unaungua. Yeye aliubandua mzima, wa mviringo, mwembamba, akaunyunyizia chumvi na kunikabidhi. Niliula nje kwa kuanzia pembeni, nikizunguka, ili katikati pabaki pa mwisho.

Na juu ya kabati kulikuwa na kopo. Kopo la maziwa ya unga, kutu kingoni, na ndani yake sukari. Tulipopata sukari, sehemu ndogo ilibaki ya nyumbani na sehemu kubwa ikapanda juu koponi, na kila mara Nkambo alisema maneno yaleyale: "Hii njo ya siku ya mama yako." Yaani ndiyo ya siku mama atakapofika, asije akakuta nyumba kavu. Sisi wawili tulikunywa chai isiyo na kitu. Jumapili baada ya misa ndipo aliponiwekea kiganjani punje chache, na kulikuwa na namna yake: unapiga funda, unagusa kiganja kwa ncha ya ulimi, unapiga funda tena. Ukiwa na subira, punje zile zinakufikisha mwisho wa kikombe. "Lamba polepole," aliniambia, "kikombe haiko na mbio." Mpaka leo, watu wakinipa chai tamu, naona kama wamenimalizia hadithi kabla ya kuianza.

Usifikiri nalalamika. Njaa hatukulala nayo. Kilichonikosesha raha kilikuwa kimya. Upande wa pili wa ukuta kuliishi familia ya Kiislamu iliyotoka mashariki, baba dereva, mama mwenye duka dogo, watoto saba. Alasiri mama yule aliwaita kula, mmoja mmoja, kwa majina, kuanzia mkubwa. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya ukuta na ukoko wangu nikisikiliza. Nilijua nani atachelewa, nani atakuja akilia, nani atasukumwa na nani. Orodha ilipofika mwisho nilikuwa nikingoja kidogo, sijui nini. Kisha nikasikia vijiko, nikaingia ndani kwetu, ambako hakukuwa na haja ya kuita mtu kwa jina, maana tulikuwa tunaonana.

Mambo mawili ya Nkambo uyashike, yatakusaidia mbele. La kwanza ni lugha. Mimi aliongea nami Kiswahili cha Likasi, Mungu aliongea naye Kiluba, na kuku aliongea nao Lingala. Ujanani alikuwa ameishi kambini na babu, aliyekuwa askari kabla ya kuingia kazi ya kiwandani, na kutoka kambini alibaki na Lingala ya kufokea. Kuku akisogelea mahindi yaliyoanikwa, Nkambo alifoka mpaka kuku wa jirani nao wakakimbia. Mimi sikujua hata neno. Likasi yetu ilikuwa ya Kiswahili, na Lingala tuliwaachia askari na redio.

La pili ni jicho lake. Hakuwahi kushika futi ya kupimia. Nguo zangu za shule alizishona kwa mkono kutokana na magauni yake, na kipimo alikichukua kwa kunitazama mara moja nikiwa nakula. Akikata, imekaa. Akina mama wa mtaani walileta watoto wao wasimame tu mbele yake, wakigeuka huku na huku. Aliwahi kumwambia mama mmoja kwamba mtoto wake ana mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine, yule mama akabisha, wakapima, ikawa kweli.

Sasa siku yenyewe. Kilikuwa kiangazi, baridi ile ya mwezi wa sita inayowafanya watu wa Likasi watoe makoti yanayonuka sanduku. Nilikuwa sijaenda shule, nina kikohozi. Tukasikia hodi langoni. Alikuwa mwanamke niliyemjua kwa sura tu, muuza mikate wa kwenye gare, stesheni yetu ya treni, mke wa mfanyakazi wa reli. Alikuwa mgeni, ametoka mbali upande wa mto mkubwa, na Kiswahili kilikuwa bado hakijamkaa mdomoni. Alionekana amechoka kwa kuuliza nyumba hadi nyumba. Nkambo alitoka, mimi nyuma yake nimeshika pindo la kitenge chake.

Mwanamke aliongea haraka, kwa Lingala, huku akinitupia macho. Maneno yake niliyashika kama mtoto anavyoshika wimbo wa lugha asiyoijua, sauti bila maana:

"Mama ya mwana azalaki na gare lobi. Azelaki bino."

Nkambo alimjibu kwa Lingala pia, chini chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea lugha ile bila hasira. Mwanamke akatoa kifurushi cha gazeti kutoka kwenye kapu, Nkambo akakiingiza ndani ya kitenge, nami nikadhani ni mkate. Wakashikana mikono. Mwanamke akaondoka bila kuniaga.

Nilikuwa nimeambulia mawili: mama, na gare. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka kikohozi kikapotea.

"Nkambo, lobi njo nini?"

Kuku mmoja alipanda juu ya mahindi mbele ya macho yake, akadonoa atakavyo, na Nkambo hakumfokea. Aliangalia barabara ile mwanamke alikopita. Kisha akaniangalia mimi, kama anapochukua kipimo.

"Lobi njo kesho," akasema.

"Mama yangu atakuya kesho? Ku gare?"

Hakusema ndiyo. Nimeirudia siku ile kichwani mara nyingi mno na ninaweza kukuapia, hakusema ndiyo. Alisema hivi: "Leta kopo ya sukari."

Nilipanda juu ya kiti nikalishusha kwa mikono miwili. Alilifungua, akalitikisa ili sukari ilale sawa, akalitazama kwa kuridhika. Halafu ubahili wote wa maisha yake ukaanguka siku moja. Alinituma sokoni nikanunue tomson mzima, mwenye mwili wake na mkia wake. Muuzaji aliniuliza kama kwetu kuna msiba. Nkambo aliwasha mbabula mara mbili. Alifungua sabuni mpya, akanifulia gauni la misa, akaninyoosha nywele na kunisuka mistari midogo, akivuta mpaka machozi yakanitoka. Wakati ananisuka nilimpigia maswali mfululizo. Mama atakuwa amenenepa? Atanitambua? Atalala upande gani wa kitanda? Alijibu kila swali kwa neno moja, "Tutaona," na vidole vyake havikusimama.

Kesho yake alikanda unga na sukari, sukari ya haki, si ya kunusa, akakaanga mikate ya mafuta mpaka kapu likajaa. Alitengeneza chai ya mchaichai, akamimina humo sukari kwa kikombe, nikaona kopo linavyoshuka na nikaogopa kidogo. Alimgongea mama wa ng'ambo ya ukuta, akaazima chupa ya chai. Tukafunga mlango. Tukashika njia ya gare, mwendo wa nusu saa kwa miguu, Nkambo na kapu kichwani, mimi na chupa kifuani.

Gare ya wakati ule haikuwa na saa. Treni ilifika ilipofika, ikasimama muda ilioutaka, pengine saa moja, pengine siku nzima, na hakuna aliyeweza kukuambia ni lini itaondoka. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kutuona tumekaa. Tulichagua benchi la mwisho kabisa, mbali na wauzaji. Mimi niliona ni pabaya, mama hatatuona. Nkambo alisema pana jua.

Nilikunywa chai tamu. Kikombe kizima, kitamu kuanzia juu mpaka chini, halafu cha pili. Nilikula mikate ya mafuta na samaki mwenye mwili. Kila nilipouliza treni, Nkambo alisema, "Kula kwanza." Nilikuwa ninajizoeza jinsi nitakavyosimama mama akishuka, mikono hivi, kichwa hivi. Nilikuwa nimeamua nisikimbie, nimwache atembee kidogo, ili ajue kwamba nilikasirika. Kisha nitakimbia.

Mchana yule muuza mikate alitugundua. Alikuja mpaka kwenye benchi letu, akalitazama kapu, akaitazama misuko yangu mipya na gauni la misa. Akafungua mdomo. Nkambo akamwambia neno moja tu la Lingala, kwa upole, na yule mwanamke akafunga mdomo. Akaketi nasi. Nkambo akampa mkate wa mafuta, akaula polepole, huku mkono wake mwingine umelala juu ya kichwa changu. Nilidhani anapenda misuko.

Nikuambie jambo linalonitia aibu: ile ndiyo siku tamu kuliko zote za utoto wangu. Miaka mitatu nilikuwa nikingoja bila kujua ninangoja lini, na leo nilikuwa na siku yangu, nimeikalia, nina chai yake mkononi. Watu walipita wakanisalimia. Nikawaambia wote, "Namungojea mama yangu." Nkambo alinisikia nikisema hivyo mara kumi na hakunikanya, yeye aliyekuwa akinikanya nikimwambia jirani tumekula nini.

Jua lilipoanza kuinama na vumbi la viwanda likawa na rangi ya dhahabu, Nkambo aligawa mabaki ya kapu. Aligawa kwa wachukuzi, kwa mwanamke mwenye mapacha, kwa mzee aliyekuwa amelala juu ya gunia lake. Sikuwa nimewahi kumwona akigawa chakula bila kukikata kwanza nusu. Kapu likawa tupu. Akalikung'uta.

"Treni haikukuya leo," akasema.

Ilikuwa kweli, haikuja.

Nililia njia nzima. Hakuninyamazisha, hakuniambia atakuja siku nyingine. Alinishika mkono tu, na mkono wake ulikuwa unanibana kupita kiasi, mpaka nikalia na kwa sababu hiyo. Tulipofika nyumbani jua lilikuwa bado lipo. Upande wa pili wa ukuta mama alikuwa anaita watoto wake kula, ameshafika kwa wa nne.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikakuta kopo halikurudi juu ya kabati. Lilikuwa mezani, wazi, na kijiko ndani. Sukari kidogo iliyobaki Nkambo aliitia kwenye vikombe vyetu viwili, katikati ya wiki, bila misa wala mgeni.

"Hii njo ya siye," akasema. Ya kwetu sisi.

Tangu siku ile hakuna sukari iliyopanda juu. Unaweza kufikiri nilifurahi. Nilikunywa chai tamu huku nikitazama juu ya kabati, pale palipobaki duara la kutu, na nilijisikia kama nyumba imetobolewa mahali.

Baada ya siku chache aliniletea sandali mpya, nyekundu, zenye kifungo cha ua. Katika nyumba yetu sandali mpya ni jambo la kutangaza mtaani. Nikamuuliza zimetoka wapi. Akasema ameuza kuku. Nikaenda bandani, na kuku walikuwa wote, na jogoo wao. Nilinyamaza, kwa sababu nilizitaka. Lakini hazikunitosha. Kisigino kilibaki nje. Nilimtazama Nkambo, fundi wa jicho, mwanamke aliyeona mguu mmoja umezidi mwingine kwa kutazama tu, nikamcheka: "Nkambo, leo umekosea!" Hakucheka. Alichukua kisu, akakata kamba ya nyuma, akanirefushia kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nilizivaa mpaka nyayo zikaisha.

Mama hakuja. Sikuuliza tena mara nyingi, na salamu za madereva zikapungua mpaka zikakoma. Nilikuwa sekondari tulipopata habari kwamba alizikwa katika mji wa mbali ambao sijauona. Nkambo alivua kitambaa cha kichwa, akakaa uani siku tatu. Halafu aliwasha mbabula alasiri, mara moja, kama kawaida. Mimi nilikwenda kusoma ualimu Kinshasa, nikabaki huko. Nkambo alifariki miaka sita iliyopita, nami nilifika baada ya mazishi, kwa sababu ya ndege na fedha na mambo mengine ambayo nilipoyaeleza msibani yalionekana madogo sana.

Basi sasa rudi nami langoni, mwezi wa sita uliopita, simu bado ina joto mkononi. Nimesema lobi, na sauti ya yule muuza mikate imerudi yote, kwa ukamilifu wake, kama nilivyoihifadhi bila kuielewa: azalaki, azelaki. Kazi yangu, rafiki, ni kuwasahihishia watoto vitenzi. Nina kalamu nyekundu ya kazi hiyo. Na sikuwahi kusahihisha sentensi hii.

Lobi kwa Lingala ni kesho. Lakini lobi ni jana pia, ni neno hilohilo, na anayesikiliza hutazama kitenzi ili ajue. Kitenzi kikiishia na aki, jambo limepita. Azalaki: alikuwa. Azelaki bino: aliwangojea ninyi. Mama ya mtoto alikuwa kwenye gare jana. Aliwangojea.

Alikuwa kwenye gare jana. Treni ilisimama, naye alishuka akasimama kwenye jukwaa na magunia yake, akatutazamia. Labda alikuwa ametuma salamu na dereva, salamu hazikufika. Gare mpaka langoni kwetu ni nusu saa kwa miguu. Nimeitembea tena wiki ile, nikiwa na viatu vya mjini, na ni nusu saa. Labda aliogopa treni itamwacha. Labda aliogopa magunia yataibwa. Nimemtafutia sababu zote na ninamkasirikia kwa kila mojawapo. Kisha namwona anampa muuza mikate kifurushi cha gazeti, na ndani yake sandali nyekundu zenye ua, alizozichagua sokoni huko alikokuwa kwa kukumbuka mguu wangu. Zilikuwa za mtoto wa miaka sita. Jicho la Nkambo halikukosea.

Na yote hayo Nkambo aliyasikia kwa pumzi moja, pale langoni, kwa lugha ya kambini aliyoijua vizuri kuliko kuku wetu walivyodhani. Alikuwa binti yake, usisahau. Binti yake pekee alikuwa amepita, na hakutembea nusu saa. Hakuwa amepata hata muda wa kumeza habari hiyo wakati mtoto nyuma ya kitenge chake alipouliza lobi ni nini. Alikuwa na majibu mawili mkononi, na yote mawili ni Lingala safi. Jana isingemgharimu kitu. Yeye, aliyehesabu mpaka cheche za mbabula, akanipa kesho, akailipia sukari ya miaka mitatu.

Niling'oa shina moja la mchaichai na udongo wake mwekundu, nikalifunga kwenye gazeti, nikamkabidhi fundi umeme funguo. Akaniuliza kama kichaka kingine akikate. Nikamwambia kitamfaa kwa chai. Akacheka, akasema wao hutumia majani ya dukani.

Shina limeshika, liko kwenye ndoo karibu na mlango wangu wa Kinshasa. Jioni za Jumapili nachemsha majani mawili, naweka punje chache kiganjani, nalamba polepole. Ninaishi peke yangu, na sukari yangu iko mezani, wazi, na kijiko ndani. Wiki iliyopita nilimaliza kopo la maziwa ya unga, la pili mwezi huu, nikaliosha, nikalikausha. Nikapanda juu ya kiti. Nikasimama pale na kopo mikononi, nikitafuta jina la mtu wa kumwekea sukari ya siku yake, halafu nikashuka nalo.